Maswali ya Wasomaji: Mume na Mke Ugenini Sulaymaniyah

Katika toleo lililopita nilitaja kwa aya moja tu kwamba mimi na mume wangu tuliishi miaka mitano, kuanzia mwaka 2015, katika Sulaymaniyah, mji wa Wakurdi ulioko kaskazini-mashariki mwa Iraki, yeye akifundisha chuo kikuu nami nikiwa nimemfuata. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua nne, nimezifupisha bila kubadili maana, na ninazijibu kwa kutegemea zaidi yale niliyoyaishi katika mji huo, ambao wenyeji wake huuita Slemani.

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu amepata mkataba wa miaka miwili wa kufundisha Sulaymaniyah. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nitalazimika kuacha kazi ili nimfuate. Ndugu zangu wananitisha kwa habari za vita, lakini hofu yangu hasa ni nyingine: nitafanya nini kutwa nzima mume akiwa kazini, katika mji ambao sijui hata neno moja la lugha yake? Je, mwanamke anaweza kutoka peke yake? — Mke wa mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hofu ya ndugu zako, kwa sababu haifai kupuuzwa wala kukuzwa. Sulaymaniyah imo katika Jimbo la Kurdistan, ambalo lina bunge lake, serikali yake na askari wake waitwao Peshmerga, na ambalo linatambuliwa na katiba ya Iraki ya mwaka 2005. Hatari zimekuwapo: mwaka 2014 wapiganaji wa Dola ya Kiislamu walifika karibu na Erbil, mji mkuu wa jimbo, na Erbil hiyo hiyo imepigwa makombora mwaka 2022 na tena mwaka 2024. Baada ya kura ya maoni ya uhuru ya Septemba 2017, viwanja vya ndege vya jimbo vilifungiwa safari za kimataifa kwa miezi kadhaa, nami nikaikosa arusi ya mdogo wangu. Hata hivyo, katika miaka yote mitano sikuwahi kuogopa kutembea mtaani kwetu saa tatu za usiku, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kila mji wa kwetu nilikoishi.

Kuhusu kutoka peke yako, unaweza, na nakusihi utoke. Sheria haikulazimishi kujifunika kichwa. Utaona wanawake waliojitanda na wasiojitanda wakitembea pamoja, wakiendesha magari, wakifundisha na wakiuza dukani. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Mwanamume akikusalimu kwa kuweka mkono kifuani bila kukupa mkono, hajakudharau. Nawe usitangulize mkono wako kwake, ngoja yeye aanze. Nyumba za chai za zamani zilizo sokoni ni za wanaume zaidi, wanaocheza domino na kunywa chai katika vigilasi vidogo, lakini katika migahawa ya Barabara ya Salim wanawake huketi bila kutazamwa.

Sasa swali lako hasa. Miezi minne ya kwanza nilikuwa nikisimama dirishani kuanzia saa tisa alasiri, nikingoja gari la mume wangu. Yeye alirudi amechoka na amejaa maneno ya watu aliokutana nao, nami sikuwa na lolote la kumweleza isipokuwa kwamba maji yalikatika. Nilimchukia kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. Kilichonitoa dirishani ni mkate. Katika kila mtaa wa Slemani kuna mahali panapookwa nan, mkate mpana mwembamba unaobandikwa ukutani mwa tanuri, na watu hupanga mstari asubuhi ili wauchukue ukiwa bado unatoa mvuke. Nilianza kwenda mwenyewe. Siku ya tatu mama mmoja wa nyumba ya jirani alinishika mkono baada ya kununua, akanipeleka kwake, akanimiminia chai, na kuanzia hapo nikawa na mahali pa kwenda.

Nilimwita Pura, yaani shangazi, kama walivyomwita watoto wote wa mtaa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama wewe. Miaka hiyo serikali ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha, na mishahara ya watumishi wa umma ilikuwa ikikatwa na kucheleweshwa. Hata hivyo haikupita wiki bila kuniletea sahani ya yaprakh, wali na nyama iliyosokotwa ndani ya majani ya mzabibu na vitunguu, ambayo hupikwa sufuria nzima kisha hupinduliwa juu ya sinia kubwa. Sahani yake sikuirudisha tupu hata siku moja. Adabu hiyo wanayo kama tuliyo nayo sisi, na nilipomrudishia ile ya kwanza ikiwa na mahamri ya iliki, alicheka kwa furaha ya mtu aliyegundua kwamba mgeni wake amelelewa.

Lugha yao ni Kikurdi cha Kisorani. Si Kiarabu, na vijana wengi hawakijui Kiarabu kabisa, lakini huandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezewa alama za irabu, kwa hiyo kama ulipitia madrasa utazitambua herufi nyingi siku ya kwanza. Tena utakuta maneno yanayokungoja: duka kwao ni dukan, rangi ni reng, dunia ni dunya, sabuni ni sabun, na mtaa mmoja wa kale mjini huitwa Sabunkaran, yaani mtaa wa watengeneza sabuni. Mwanamume wa heshima huitwa kak au kaka. Neno la kwanza nililolitumia sokoni bila kufundishwa ni hilo, na muuza nyanya aligeuka kuangalia ni nani huyu anayemwita ndugu. Jifunze pia mandu nabi, ambalo huambiwa mtu aliye kazini, na ambalo maana yake ni «usichoke». Ni «pole na kazi» yetu, na ni wageni wachache mno wanaolijua. Ukimwambia fundi bomba, mfagiaji au mwoka mikate, utaona uso wake unavyobadilika.

Baada ya mwaka mmoja mambo yalikuwa yamegeuka. Mume wangu alikuwa bado anaongea Kiingereza na wenzake chuoni, wakati mimi ndiye niliyezungumza na mwenye nyumba, nikabishana bei na kujua ni nani mtaani amefiwa. Alianza kuniuliza maswali. Ndoa yetu ilipona hapo, kwa sababu kila mmoja wetu sasa alikuwa na kitu cha kuleta nyumbani jioni. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaacha kazi, kubaliana na mumeo mambo mawili kwa maneno ya wazi: kwamba sehemu ya mshahara itakuwa mkononi mwako bila kuiomba, na kwamba kwa miezi sita ya kwanza jioni mbili za kila wiki zitakuwa za masomo yako ya lugha hata kama yeye amechoka. Mume anayemhamisha mke kazini kwake na nyumbani kwao, kisha akamwachia apambane peke yake na siku, amechukua zaidi ya alichopewa.

Jambo moja la mwisho kwako. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2017, tetemeko la kipimo cha 7.3 lilitokea mpakani mwa Iraki na Iran, karibu na Halabja, na nyumba yetu ikayumba kama mashua. Kabla hatujapata viatu, mlango ulikuwa ukigongwa: ni mwana wa Pura, ametumwa atutoe. Tulikaa nje karibu usiku kucha na mtaa mzima, kuna moto, kuna chai, wazee wamefunikwa mablanketi.

SWALI: Mimi na mke wangu tunahamia mwezi Juni. Tumeambiwa kwamba umeme ni wa shida na kwamba pango hudaiwa kwa dola. Tujiandaeje? — Mhandisi, Mombasa

JIBU: Juni ni mwezi mgumu wa kufika, kwa sababu Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Slemani iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ina nafuu kuliko Erbil, lakini si nafuu ya kujivunia mchana.

Katika miaka yetu kila nyumba ilikuwa na umeme wa namna mbili: ule wa serikali, uliokuja na kukatika, na ule wa jenereta kubwa ya mtaa, ambayo mwenyewe hukuuzia ampea na wewe humlipa kila mwezi kwa idadi uliyonunua. Wewe ni mhandisi, hesabu hii utaielewa mara moja: kwa volti 220, birika la umeme la wati 2,000 linavuta ampea 9, na ukiwa umenunua ampea 6 swichi itajikata, na mkeo atabaki gizani huku akitafuta ngazi. Tulijifunza kuchemsha maji kwa gesi na kutumia kipoza hewa cha maji, kinachopuliza upepo kupitia nyasi zilizoloweshwa. Kwa hewa kavu ya huko kinafanya kazi vizuri ajabu na kinavuta umeme kidogo kuliko kiyoyozi. Mwaka 2024 serikali ya jimbo ilianzisha mradi uitwao Runaki, yaani mwanga, wa kuleta umeme wa saa 24 na kuziondoa jenereta mitaani, na mitaa mingi imekwisha kuunganishwa. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, ulizeni kama mtaa huo umo. Angalieni pia ukubwa wa matangi ya maji yaliyo juu ya paa, na kama yana kivuli.

Msisahau kwamba kuna baridi. Kati ya Desemba na Februari theluji huanguka milimani na miaka mingine mjini, na kuna upepo mkali ambao Slemani inaufahamu kwa jina, rashaba, «upepo mweusi», unaotikisa milango usiku kucha. Watu wengi hujipasha moto kwa hita za mafuta ya taa. Acheni dirisha moja wazi kidogo kila mnapoiwasha, na msilale ikiwa inawaka, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu.

Pango mara nyingi hutajwa kwa dola, na wenye nyumba wengi hutaka miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwenye nyumba akikuambia «waraqa» tano, anamaanisha dola 500, na «daftar» moja ni dola 10,000, kwa hiyo usishtuke ukimsikia mtu akiuza gari kwa daftari. Nendeni na noti za dola zilizo safi. Noti iliyochanika pembeni au iliyoandikwa kalamu hukataliwa. Sokoni hutumika dinari, na muuzaji akisema «penj», yaani tano, ni dinari 5,000, kwa maana maelfu huachwa. Mkiwa na hati za nyumba, mtajiandikisha kwa mukhtar, ambaye ni kama mjumbe wetu wa nyumba kumi, na kwa usalama wa ndani waitwao Asayish, na mtapimwa damu kwa ajili ya kibali cha ukazi. Chukueni cheti cha ndoa kilichothibitishwa na kutafsiriwa. Kwetu sisi kiliulizwa mara mbili, mara ya kwanza na mwenye nyumba.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi na shirika la misaada Erbil. Mimi ni mhasibu, ingawa hapa bado sijapata kazi. Mara tatu sasa nimeulizwa dukani «madamu» wangu, yaani mwajiri wangu, yuko wapi. Je, nikae kimya, au niseme? — Mkenya aliyeko Erbil

JIBU: Dada yangu, sema. Na pole sana, kwa maana najua jinsi swali hilo linavyokaa mwilini hadi usiku. Nami niliulizwa katika mapokezi ya zahanati moja, nikiwa na homa ya nyuzi 39, na mume wangu akiwa ameketi kando yangu.

Sababu yake ni ya wazi. Familia nyingi zenye uwezo huajiri wafanyakazi wa nyumbani kutoka Afrika na Asia kupitia mawakala, na kwa hiyo kuna wenyeji ambao hawajapata kuongea na mwanamke mweusi ila jikoni. Hao wengi si watu wabaya. Lakini sitaki tuifanye kuwa kosa la bahati mbaya, kwa sababu nyuma yake kuna mambo mazito: kibali cha kazi kilichofungwa kwa mdhamini, pasipoti zilizofungiwa kabatini, na saa za kazi zisizo na mwisho. Nilijifunza kujibu kwa Kikurdi, kwa utulivu, kwamba mimi ni mke wa mwalimu na kwamba hata ningekuwa mfanyakazi wa nyumbani ningestahili kusalimiwa kwanza. Sehemu ya pili ya jibu ndiyo iliyonigharimu kuifikia. Mwanzoni nilikuwa nikisema ya kwanza tu, na siku moja msichana kutoka kwetu aliyekuwa amebeba mifuko ya mwajiri wake alinisikia, akatazama chini. Macho yake hayajaniacha.

Ukikutana na wasichana hao sokoni au kanisani, wasalimie kwa Kiswahili, uliza majina yao, wape namba yako ya simu ikiandikwa kwenye kijikaratasi kidogo kinachofichika. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lina ofisi Erbil, na mhasibu anayejua kusoma mkataba anaweza kuwa msaada mkubwa kwa mtu ambaye mkataba wake umeandikwa kwa lugha asiyoijua. Watu wa huko nao wana kumbukumbu ya kudharauliwa, nawe unaweza kuigusa kwa upole. Katika Amna Suraka, iliyokuwa gereza la usalama la Saddam Hussein mjini Slemani na sasa ni makumbusho, kuna ukumbi uliopambwa vipande 182,000 vya vioo, kimoja kwa kila mtu aliyepotea katika Anfal, mauaji ya Wakurdi yaliyofanywa na serikali ya Saddam mwaka 1988, na taa 4,500 kwa ajili ya vijiji vilivyobomolewa. Nilikwenda na Pura. Alinionyesha taa moja, akataja kijiji cha mama yake. Tangu siku hiyo nikawa naweza kumwambia jambo lolote lililonipata mjini kwake, na yeye alikwenda mwenyewe katika ile zahanati kuzungumza nao.

SWALI: Sisi ni Waislamu wa Unguja, na mke wangu ana wasiwasi kwamba watoto watapotea katika dini na mila. Vilevile, tangu tuanze mipango hii tunagombana kila siku. — Baba wa watoto wawili

JIBU: Katika dini mtakuta mambo mengi ya nyumbani kuliko mnavyodhani. Wakurdi wengi ni Wasuni wa madhehebu ya Shafii, kama ilivyo pwani yetu, na tarika ya Kadiria, ambayo dhikiri zake mnazijua, ina mizizi mirefu huko. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Slemani limo kaburi la Kaka Ahmad, sheikh wa tarika hiyo, ambalo watu hulizuru. Mila nayo itawashangaza. Tarehe 20 na 21 Machi Wakurdi husherehekea mwaka mpya wao, Newroz, kwa kuwasha moto na kupanda milimani wakiwa wamevaa nguo za rangi zote. Wenyeji wa Makunduchi, ambao Mwaka Kogwa wao huitwa pia Nairuzi, hawahitaji kuelezwa jina hilo limetoka upande gani. Waonyesheni watoto uhusiano huo. Waambieni pia kwamba tarehe 16 ya mwezi huo huo ni siku ya Halabja, ambako mwaka 1988 watu wapatao 5,000 waliuawa kwa gesi ya sumu, ili wasishangae wakiona walimu wao wakilia siku tano kabla ya sikukuu.

Kuhusu ugomvi, sitawapa maneno ya kawaida ya subira. Mnagombana kwa sababu kila mmoja anaogopa jambo lake na hamjaambizana ni jambo gani. Ketini jioni moja, kila mtu aandike karatasini vitu vitatu anavyoogopa kuvipoteza, kisha mbadilishane karatasi bila kujibishana hadi asubuhi. Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumeshafika, baada ya miezi minne niliyoieleza hapo juu, na karatasi ya mume wangu ilikuwa na mstari mmoja tu: aliogopa kwamba sitamsamehe kwa kunileta.

Huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na baada ya swala ya Ijumaa mji mzima hutoka kwenda seyran, yaani matembezi ya jamaa, wakibeba mazulia, mabirika ya chai na nyama ya kuchoma, hadi miteremko ya mlima Goizha au ziwa la Dukan. Nendeni tangu Ijumaa ya kwanza, hata kama mizigo haijafunguliwa. Tandikeni mkeka wenu wa ukindu mbali kidogo na wengine. Haitapita nusu saa kabla ya mtu kuja kuwaita mle pamoja nao, na watoto watakuwa wameshatangulia.